Tiba ya Mwanga kwa Konea Iliyochongoka: Je, Haraka Ina Baraka?

Miongoni mwa magonjwa ya macho yanayowapata vijana wa umri wa shule, upo mmoja ambao hauanzi kwa maumivu wala haupofushi kwa siku moja. Kwa sababu hiyo hukaa muda mrefu bila kutambuliwa. Mwanafunzi huona herufi za ubaoni zikiwa na vivuli, hubadilisha miwani mara kwa mara, na kila miwani mipya humfaa kwa muda mfupi kuliko ile iliyotangulia. Kitaalamu ugonjwa huu huitwa keratokonasi, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya pembe na pia. Katika makala haya utaitwa pia ugonjwa wa konea iliyochongoka.

Tangu mwaka 2003 imejulikana tiba inayoweza kuuzuia ugonjwa huu usiendelee. Tiba hiyo hutumia vitamini na mwanga, na hapo mwanzo ilichukua muda wa saa nzima kwa jicho moja. Baadaye wataalamu walijaribu kuifupisha kwa kuongeza ukali wa mwanga. Swali lililozuka ni jepesi kuuliza, lakini si jepesi kujibu: je, tiba ya haraka ina nguvu ileile na usalama uleule? Jibu lake linahitaji fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja, na sehemu kubwa ya elimu hiyo imo katika masomo ya sekondari.

KONEA NA KAZI YAKE

Konea ni utando angavu ulio mbele ya jicho, kama kioo cha saa kinavyofunika mishale yake. Kipenyo chake ni karibu milimita 12, na unene wake katikati ni kadiri ya nusu milimita, yaani maikromita 540 hivi. Ingawa wengi hudhani kwamba kazi ya kupinda miale ya mwanga hufanywa na lenzi peke yake, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na konea. Kati ya daiopta 60 hivi za nguvu ya jicho zima, daiopta 43 hivi ni za konea. Kwa hiyo badiliko dogo la umbo lake huharibu taswira yote inayoangukia kwenye retina.

Sehemu kubwa ya unene wa konea, karibu asilimia 90, ni tabaka liitwalo stroma. Stroma imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa katika matabaka membamba mamia kadhaa, moja juu ya jingine. Kinachoyazuia matabaka hayo yasiteleze ni viungo vya kikemia vinavyokingama kati ya molekuli na molekuli.

Mfano wa jambo hili unapatikana katika mapaa ya Mabatini, kata ya jiji la Mwanza ambayo jina lake lenyewe linatokana na mabati. Fundi anapoezeka nyumba hulaza mabati yakipishana, kisha huyapigilia misumari. Paa lenye misumari michache laweza kuonekana imara wakati wa utulivu. Lakini upepo wa ziwani ukivuma usiku baada ya usiku, mabati huanza kuachana, na paa hupoteza umbo lake hata kama hakuna bati lililotoboka. Katika jicho, mabati ni matabaka ya kolajeni, misumari ni vile viungo vya kukingama, na upepo ni shinikizo la maji ya ndani ya jicho, ambalo huisukuma konea kutoka ndani usiku na mchana.

KONEA INAPOCHONGOKA

Katika keratokonasi, viungo vya konea hulegea na matabaka yake huteleza. Sehemu ya katikati, au chini kidogo ya katikati, hupungua unene na kusukumwa mbele mpaka konea iliyokuwa mviringo kama sehemu ya mpira ikapata umbo la pia. Daktari John Nottingham wa Liverpool, Uingereza, aliyaeleza mabadiliko haya kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1854.

Kwa kawaida ugonjwa huanza wakati wa kubalehe na huendelea mpaka miaka ya thelathini au zaidi. Huyapata macho yote mawili, ingawa moja huweza kutangulia. Kadiri unavyoanza mapema ndivyo unavyokwenda mbio. Hapo mwanzo miwani husaidia. Baadaye, kwa kuwa konea haina tena mpindo wa aina moja, miwani haiwezi kurekebisha taswira, na mgonjwa huhitaji lenzi ngumu ya kuvaliwa juu ya jicho. Ugonjwa ukifika mbali, konea hupata makovu, na dawa iliyobaki ni kupandikiza konea iliyotolewa kwa mtu aliyefariki.

Chanzo cha ugonjwa si kimoja. Urithi una sehemu yake, kwani huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Lakini jambo moja linalotajwa na wataalamu wengi liko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, nalo ni kufikicha macho. Mtoto mwenye mzio wa macho huwashwa na kufikicha kwa nguvu kila siku kwa miaka mingi, na kila mara konea hukandamizwa na kupindwa. Mzio wa namna hii si jambo geni katika nchi za Maziwa Makuu. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Rwanda na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu watoto 4 katika kila 100 walikuwa na mzio mkali wa macho wa aina inayowapata watoto.

Ukubwa wa tatizo hutofautiana sana baina ya nchi na nchi. Nchini Uholanzi, hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria mgonjwa 1 katika kila watu 375. Huko Riyadh, Saudi Arabia, wataalamu walipowapima watoto na vijana kwa mashine inayochora umbo la konea, walikuta karibu 5 katika kila 100 wakiwa na dalili za ugonjwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa nadra kila mahali.

MWANAFUNZI ASIYEONA UBAONI

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa macho ya wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari za jiji la Mwanza. Wanafunzi 154, yaani asilimia 6.1, walikutwa na kasoro za kupinda mwanga zilizohitaji kurekebishwa, na wengi wao walikuwa na tatizo la kutoona mbali. Kati ya waliokuwa na kasoro hizo, ni asilimia 30 tu waliokuwa na miwani kabla ya uchunguzi.

Uchunguzi huo haukuwa wa keratokonasi, na wengi wa wanafunzi hao walihitaji miwani ya kawaida tu. Lakini mafunzo yake yanahusu pia ugonjwa tunaoueleza. Mahali ambapo wanafunzi 7 kati ya 10 wenye kasoro ya macho hawana miwani, mwenye konea inayochongoka hujificha katika umati wa wasioona mbali. Hakuna anayejua kwamba miwani haimsaidii, kwa kuwa hajapewa miwani. Mwaka mmoja au miwili hupita, na katika umri wa miaka 13 au 15 muda huo ndio ambao ugonjwa huenda kwa kasi kubwa kabisa.

VITAMINI NA MWANGA

Mnamo miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dresden, Ujerumani, walianza kutafuta njia ya kuongeza viungo vya kukingama katika konea. Watatu kati yao, Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler, walitoa taarifa ya wagonjwa wa kwanza mwaka 2003. Macho 23 ya wagonjwa 22 yalikuwa yametibiwa. Katika macho yote hayo ugonjwa ulisimama, na katika macho 16 mchongoko ulipungua kwa wastani wa daiopta 2.

Utaratibu wao, ambao hadi leo huitwa utaratibu wa Dresden, ni huu. Kwanza jicho hutiwa dawa ya ganzi. Kisha ngozi ya juu ya konea huondolewa katika duara la milimita 7 hadi 9, kwa sababu ngozi hiyo huzuia dawa isipenye. Halafu matone ya raiboflavini, yaani vitamini B2, hudondoshwa kwa muda wa dakika 30 mpaka konea yote ilowe na kuwa na rangi ya manjano. Mwisho, konea humulikwa kwa dakika nyingine 30 kwa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 370 hivi. Ukali wa mwanga huo ni miliwati 3 kwa kila sentimita ya mraba.

Raiboflavini ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kunasa mwanga. Molekuli yake ikiisha kunasa nishati hiyo huihamishia oksijeni iliyomo katika konea, nayo oksijeni hugeuka kuwa chembe zenye hamu kubwa ya kuungana na vitu vingine. Chembe hizo ndizo zinazosababisha molekuli za kolajeni kufungamana. Kazi ya pili ni kuwa ngao: kwa kuwa raiboflavini hunasa mwanga mwingi njiani, mwanga unaofika ndani ya jicho huwa hafifu.

Katika majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa konea za binadamu, uthabiti wa konea uliongezeka kwa kadiri ya mara 4.5 baada ya tiba hii. Hata hivyo, yafaa ieleweke wazi ni jambo gani tiba inafanya na ni jambo gani haifanyi. Kwa kurudia mfano wa paa, tiba huongeza misumari, haiongezi bati. Konea iliyokwisha kupungua unene hairudii unene wake, na taswira iliyokwisha kuharibika hutengemaa kidogo tu. Lengo kuu ni kuusimamisha ugonjwa mahali ulipofika. Ndiyo maana mgonjwa anayetibiwa mapema hufaidika kuliko anayetibiwa akiwa amechelewa.

KANUNI YA ZAO NA NJIA ZA HARAKA

Katikati ya karne ya 19 wanakemia wawili, Robert Bunsen wa Ujerumani na Henry Roscoe wa Uingereza, walichunguza badiliko la kikemia linaloletwa na mwanga. Waligundua kwamba kiasi cha badiliko hilo hutegemea zao la ukali wa mwanga na muda wa kumulika. Mwanga hafifu kwa muda mrefu na mwanga mkali kwa muda mfupi hutoa matokeo sawa, mradi zao ni lile lile. Mpiga picha anaifahamu kanuni hii: akifungua zaidi tundu la kamera, hupunguza muda wa kuliacha wazi.

Katika utaratibu wa Dresden, miliwati 3 zikizidishwa kwa sekunde 1,800 hutoa milijouli 5,400, yaani jouli 5.4 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mujibu wa kanuni ya zao, kiasi hicho hicho cha nishati chaweza kupatikana kwa njia nyingine kadhaa:

Miliwati 9 kwa dakika 10.
Miliwati 18 kwa dakika 5.
Miliwati 30 kwa dakika 3.
Miliwati 45 kwa dakika 2.

Msomaji aweza kuhakikisha mwenyewe kwamba kila moja ya njia hizi hutoa jouli 5.4. Kwa hesabu ya fizikia peke yake, zote ni sawa. Iwapo hesabu ingetosha, pasingekuwa na sababu ya kumlaza mgonjwa kwa nusu saa wakati dakika 2 zinatosha.

OKSIJENI, MSHIRIKA WA TATU

Lakini konea haikuumbwa kwa mwanga na raiboflavini peke yake. Oksijeni nayo ni mshirika wa lazima, na oksijeni huingia katika konea taratibu, kutoka hewani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba konea iliyolowa raiboflavini ikimulikwa hata kwa miliwati 3 tu, oksijeni iliyomo hupungua mno katika sekunde 10 hadi 15. Mwanga ukizimwa, oksijeni huhitaji dakika 3 hadi 4 kurudi katika kiwango chake cha awali. Mwaka uliofuata watafiti waliomulika konea za nguruwe mahali penye uhaba wa oksijeni walikuta kwamba hazikukazika kama zile zilizomulikwa katika hewa ya kawaida.

Mwalimu wa biolojia atatambua hapa kanuni anayoifundisha katika somo la usanisinuru. Mwaka 1905 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, F. F. Blackman, alieleza kwamba kazi inayohitaji vitu kadhaa huenda kwa mwendo wa kile kilicho haba kuliko vyote. Jani likiwa na uhaba wa kabonidayoksaidi, kuliongezea mwanga hakuongezi wanga. Vivyo hivyo, jiko la mkaa lenye tundu dogo la hewa halitoi joto maradufu kwa sababu tu limejazwa mkaa maradufu. Katika tiba ya konea, mwanga ukiongezwa sana, oksijeni ndiyo inayokuwa haba. Mwanga unaozidi hapo hupita bila kufunga viungo vya kutosha. Kanuni ya zao haikukosewa. Bali ina mpaka, na mpaka huo huwekwa na oksijeni.

Je, mpaka huo uko wapi? Majaribio mawili yaliyofanywa kwa konea za nguruwe hayakutoa jibu moja. La kwanza, lililochapishwa mwaka 2013, lilionyesha kwamba konea ziliendelea kukazika vizuri mpaka ukali wa miliwati 40 hadi 50, kisha nguvu ya tiba ikashuka ghafla. La pili, lililochapishwa mwaka 2014, lililinganisha miliwati 3, 9 na 18, nalo lilionyesha kwamba nguvu hupungua kadiri muda unavyofupishwa, hata kabla ya kufikia ukali huo mkubwa. Majaribio hayo yanapatana katika jambo moja la msingi: haraka ikipita kiasi, konea haikaziki.

MATOKEO KWA WAGONJWA

Konea ya nguruwe katika maabara si jicho la mgonjwa. Kwa hiyo yapaswa kutazama matokeo ya watu waliotibiwa. Ushahidi ulio thabiti kuhusu vijana ulitoka Uingereza mwaka 2021. Vijana 60 wa umri wa miaka 10 hadi 16, wenye ugonjwa unaoendelea, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa mwanga wa miliwati 10 kwa jumla ya jouli 5.4, yaani kwa njia ya haraka ya wastani. Kundi la pili liliendelea na miwani au lenzi kama kawaida. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa vijana 2 kati ya 30 waliotibiwa, yaani asilimia 7. Katika kundi la pili uliendelea kwa vijana 12 kati ya 28 waliopimwa, yaani asilimia 43.

Matokeo hayo yanathibitisha kwamba njia ya haraka ya wastani inafanya kazi. Hayathibitishi kwamba ni sawa na ile ya nusu saa, kwani makundi yaliyolinganishwa yalikuwa ya waliotibiwa na wasiotibiwa. Tafiti nyingine zimelinganisha njia mbili hizo zenyewe, na kwa jumla zinaonyesha mambo matatu. Kwanza, njia zote mbili husimamisha ugonjwa kwa wagonjwa walio wengi. Pili, uwezo wa kuona baada ya mwaka mmoja haukutofautiana sana. Tatu, utaratibu wa Dresden hupunguza mchongoko zaidi, na athari yake huingia ndani zaidi. Alama inayoonekana katika konea baada ya tiba hufika kina cha maikromita 300 hivi kwa utaratibu wa Dresden, lakini huwa karibu zaidi na uso kwa njia za haraka.

Kwa sababu hizo, njia za haraka haziwezi kuwekwa katika kapu moja. Ile ya dakika 10 kwa miliwati 9 ina ushahidi mzuri na hutumika katika hospitali nyingi duniani. Zile za dakika 2 au 3 zina mashaka zaidi. Wataalamu wamejaribu kuzirekebisha kwa namna mbili. Namna moja ni kuwasha na kuzima mwanga kwa zamu ya sekunde moja moja, ili oksijeni ipate nafasi ya kurudi. Namna nyingine ni kuongeza jumla ya nishati, kwa mfano hadi jouli 7.2. Zote mbili zinakiri jambo lile lile, kwamba sekunde zilizookolewa zina gharama yake.

USALAMA

Ndani kabisa ya konea kuna safu moja ya seli zinazotoa maji katika konea ili ibaki angavu. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazizaliwi nyingine za kuzibadili. Mwanga wa urujuanimno ukizifikia kwa wingi, waweza kuziua. Ndiyo sababu utaratibu wa Dresden uliweka sharti kwamba konea isipungue unene wa maikromita 400 wakati wa kumulikwa. Konea ya unene huo ikiwa imelowa raiboflavini, mwanga unaofika kwenye seli za ndani ni miliwati 0.18 hivi, ilhali kiasi kilichoonekana kuwa cha hatari ni miliwati 0.35 kwa muda ule ule wa nusu saa. Akiba iliyopo ni ya mara mbili tu. Kwa hiyo kupima unene wa konea si jambo la hiari.

Njia za haraka zinazotumia jumla ileile ya jouli 5.4 hazijaonekana kuziathiri seli hizo kuliko utaratibu wa zamani, mradi sharti la unene limezingatiwa. Tena muda mfupi una faida zake: konea hukauka kidogo, na mtoto asiyeweza kutulia kwa nusu saa aweza kutulia kwa dakika 10.

Hata hivyo, hatari nyingine hazipunguzwi na haraka ya mwanga. Ngozi ya juu ya konea imeondolewa katika njia zote mbili, nayo huchukua siku kadhaa kuota tena. Katika siku hizo mgonjwa huwa na maumivu, na vijidudu vyaweza kuingia na kusababisha kidonda. Wengine hupata ukungu katika konea, ambao kwa kawaida hupungua baada ya miezi, na wachache hubaki na kovu. Mgonjwa anayerudi nyumbani kwenye vumbi, akafikicha jicho au kutia dawa isiyoamriwa na daktari, hujitia katika hatari ile ile, awe ametibiwa kwa dakika 3 au 30. Dakika zinazopunguzwa ni za chumba cha tiba. Siku za kupona hazipungui.

MAANA YAKE KWA KANDA YA ZIWA

Mashine za tiba hii, pamoja na zile zinazochora umbo la konea, ziko katika vituo vichache vya miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Mahali penye mashine moja na wagonjwa wengi, muda una thamani ya pekee. Chukulia kituo chenye wagonjwa 5 kwa siku, kila mmoja jicho moja. Kwa utaratibu wa Dresden, dakika 30 za matone na 30 za mwanga hutoa jumla ya dakika 300, yaani saa 5. Kwa mwanga wa dakika 10, jumla ni dakika 200. Katika saa 5 zile zile, kituo hicho kingeweza kutibu macho 7 na kubakiwa na dakika 20. Kwa wagonjwa hao wawili walioongezeka, upungufu mdogo wa nguvu ya tiba hauwezi kulinganishwa na kukosa tiba kabisa. Hapa ndipo njia ya wastani inapojipatia haki yake.

Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba watafiti wa Zurich, Uswisi, wameonyesha kuwa tiba hii yaweza kufanywa mgonjwa akiwa ameketi mbele ya darubini ya kawaida ya kupimia macho, bila kuhitaji chumba cha upasuaji. Uhaba wa vyumba hivyo umekuwa kikwazo katika hospitali nyingi.

Lakini mashine ya haraka haiwezi kurudisha miaka iliyopotea kabla mgonjwa hajaifikia. Kwa hiyo kazi ya kwanza iko shuleni. Mwalimu wa Mabatini, Igoma au Ukerewe hawezi kutambua keratokonasi kwa macho yake, wala hatakiwi kufanya hivyo. Anachoweza kufanya ni kupima uwezo wa kuona kwa chati ya herufi, mwanafunzi akisimama mita 6 mbali nayo, jicho moja moja. Mwanafunzi asiyeona vizuri apewe kadi nyeusi yenye tundu la kadiri ya milimita 1 na achungulie kupitia hapo. Tundu hilo hupitisha miale michache iliyonyooka, na taswira hutulia bila kutegemea sana umbo la konea. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, yaelekea kasoro iko katika kupinda mwanga.

Wengi wa wanafunzi hao watafaa kwa miwani. Lakini mwanafunzi ambaye tundu linamsaidia na miwani haimsaidii, au ambaye miwani yake imebadilishwa mara mbili katika mwaka mmoja, au ambaye hufikicha macho kila siku, apelekwe kwenye kliniki ya macho bila kungoja likizo. Kwa mkazi wa Mabatini, kilima cha Bugando penye hospitali ya rufaa ya kanda hakiko mbali. Kwa mkazi wa visiwani safari ni ndefu zaidi, na hiyo ni sababu ya kuianza mapema.

HITIMISHO

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kuhusu tiba hii, sayansi yaikubali methali hiyo kwa sharti. Haraka ya kiasi, inayoipa oksijeni nafasi ya kufanya kazi yake, ina baraka: huwafikia wengi zaidi bila kuongeza hatari iliyoonekana. Haraka inayozidi mpaka huo hutoa mwanga mwingi na nguvu kidogo. Ama haraka isiyo na mpaka wowote wa kikemia ni ile ya kumtambua mgonjwa, na hiyo haihitaji urujuanimno. Yahitaji chati, kadi yenye tundu na mwalimu anayemwuliza mwanafunzi wa nyuma ya darasa anaona nini ubaoni.

MASWALI

1. Kokotoa muda unaohitajika ili mwanga wa miliwati 15 kwa sentimita ya mraba utoe jouli 5.4 kwa sentimita ya mraba.

2. Mwanga wa miliwati 30 huwashwa kwa sekunde 1 na kuzimwa kwa sekunde 1, kwa zamu, kwa muda wa dakika 8. Onyesha kwamba jumla ya nishati ni jouli 7.2 kwa sentimita ya mraba.

3. Eleza kwa nini kanuni ya Bunsen na Roscoe haitoshi kutabiri nguvu ya tiba ya dakika 2. Linganisha jibu lako na yale uliyojifunza kuhusu usanisinuru.

4. Konea ya mgonjwa fulani ina unene wa maikromita 370. Taja hatari ya kuimulika kwa utaratibu wa Dresden, na ueleze kazi ya raiboflavini katika kupunguza hatari hiyo.

5. Katika uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2021, kwa nini vijana waligawanywa kwa kura badala ya kuachwa wachague kundi wenyewe?

6. Tengeneza kadi yenye tundu la milimita 1. Mwanafunzi mwenye miwani avue miwani yake na atazame maandishi ya mbali, kwanza bila kadi, kisha kupitia tundu. Chora miale ya mwanga kueleza tofauti anayoiona.